Kuketi Mkekani na Mwalimu wa Chekechea

Mwezi uliopita, katika kazi yangu ya kuwalea walimu wa chekechea kikazi, nilivuka feri asubuhi kwenda Likoni, Mombasa, nikaketi mkekani nyuma ya darasa la PP1, yaani mwaka wa kwanza wa chekechea, kwa muda wa nusu saa. Mwalimu, binti aliyepata cheti chake miaka miwili iliyopita, alikuwa amewamwagia watoto vizibo vya soda ili wahesabu. Akamwuliza mmoja wao, "Vitano hivi, ukiongeza viwili, vitakuwa vingapi?" Kabla mtoto hajafumbua mdomo, mwalimu akalitoa jibu mwenyewe, na darasa zima likaitikia, "Sabaaa!"

Watoto walipokwenda kunywa uji, tuliketi chini ya mwarobaini. Sikumwambia kwamba amekosea. Nilimwuliza tu kama yule mtoto alikuwa akilijua jibu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sijui, ma. Sikumpa nafasi."

Hapo ndipo nilipomweleza habari za Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani ambaye katika miaka ya 1970 alionyesha kwamba walimu, wakishauliza swali, husubiri kwa wastani wa sekunde moja hivi, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka na hata wale waliozoea kunyamaza huanza kusema. Tukakubaliana jambo moja tu: akishauliza, ahesabu moyoni hadi tatu.

Nimehudhuria semina nyingi za walimu wa chekechea, na sizidharau, kwa kuwa humo ndimo mtaala wa umilisi, ule unaotazama mtoto anaweza kufanya nini, ulimofafanuliwa kwetu. Lakini mwalimu akirudi darasani na daftari lililojaa maelezo, hubaki peke yake na watoto wake, na hakuna wa kumwambia kile ambacho jicho lake halikioni. Sisi wa Mombasa tunalijua hilo tangu zamani, maana mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanzia mjini humu katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, Bi Swafiya Said akiwa mkufunzi wake wa kwanza, uliwachukua wanawake wa mitaa yenyewe, ukawafunza, kisha wakufunzi wakawafuata hadi madarasani mwao.

Tangu Katiba ya Kenya ya 2010 ilipoikabidhi serikali ya kaunti elimu ya awali, ajira ya walimu hawa imekuwa mikononi mwa kaunti, na wengi wameajiriwa kwa mikataba. Kwa sababu hiyo naamini kwa dhati kwamba anayemlea mwalimu kikazi asiwe yule yule anayependekeza mkataba wake uendelee au ukatike. Miaka yangu ya mwanzo niliingia darasani na fomu ya kumpima mwalimu mkononi, na nikaona jinsi sauti ya mwalimu ilivyobadilika na watoto wakakaa kimya kama wamo mtihanini. Siku hizi fomu hubaki mkobani, na nikitaka kuandika, humwonyesha mwalimu nilichoandika kabla sijaondoka.

Wiki mbili baadaye nilirudi Likoni. Swali likaulizwa, na mwalimu akanyamaza. Yule mtoto akavigusa vizibo kimoja kimoja kwa kidole, midomo ikicheza bila sauti, akavirudia viwili vya mwisho, kisha akainua uso na kusema, "Saba." Mwalimu akamwuliza, "Umejuaje?" Swali hilo la pili hatukuwa tumelizungumza.