Gunia la debe nane

Leo ibadani wakati wa sadaka mwinjilisti kasoma Luka 6:38, ule mstari ambao wengi tunaujua kwa kichwa, wapeni watu vitu nanyi mtapewa, kipimo cha kujaa na kushindiliwa na kusukwa-sukwa hata kumwagika. Nimeusikia tangu sande skuli na siku zote nikiusikia naona baraka zinakuja kwangu. Leo nimeona gunia. Gunia la viazi la wiki mbili zilizopita kule Njombe, limeshindiliwa limesukwasukwa mpaka viazi vinataka kumwagika, na aliyesimama pembeni akimwambia kijana "ongeza, bado linaingia" ni mimi. Nimekaa na bahasha yangu mkononi, watu wa benchi letu wameshanyanyuka kwenda mbele, mimi bado nimekaa.

Kwa asiyejua biashara hii, gunia la kawaida ni kama debe sita, na sheria ya vipimo haitaki gunia la mazao lizidi kilo 100. Lumbesa ni pale gunia likishajaa unaliwekea kichwa juu, unafuma kamba huku unaendelea kupanga viazi mpaka linafika debe saba na nusu hata nane, ila mkulima analipwa gunia moja, ushuru gunia moja, usafiri gunia moja. Af nikifika Dar siuzi kwa gunia, nauza kwa sado, kile kindoo kidogo cha kupimia, na kwa mafungu, na sisi tunaouza sado tunajua jinsi mkono unavyopanga viazi vibaki na nafasi katikati. Yani nina kipimo kikubwa cha kununulia na kidogo cha kuuzia. Kumbukumbu la Torati 25 imelikataza hilo kabisa, usiwe na mawe ya kupimia ya namna mbili, kubwa na dogo, nimelisoma zaidi ya mara moja na sikuwahi kujiona humo.

Miaka yote nilikuwa naupima wokovu wangu kwa vitu nisivyofanya, sinywi, siendi kwa waganga, ndoa yangu naiheshimu, mazoezi ya kwaya sikosi. Fungu la kumi natoa, tena kwa wakati. Leo nimejiuliza hilo fungu la kumi limetoka wapi nikakosa jibu.

Kinachoniumiza zaidi ni yule mzee, mkulima aliyeniuzia viazi hivyo. Nilifika kwake asubuhi na baridi lile la kule, tukasalimiana kamwene, kamwene, mama akatuletea viazi vya kuchemsha na chumvi tukala wote. Tukaanza kujaza. Mzee alikuwa anahesabu, kila debe likimiminwa anaweka kiazi kimoja chini karibu na mguu wake, vikafika sita vimejipanga mstari, kijana akamimina debe la saba na mzee akaokota kiazi cha saba akabaki nacho mkononi, hakukiweka chini wala hakusema kitu, akawa anakizungusha tu kwenye vidole mpaka tumemaliza kufuma. Magunia 14 yote hivyo. Tulivyoondoka akasema "Mungu awafikishe salama mwanangu." Nikaitikia amina.

Jioni hii nimemwambia baba watoto, tumekaa na kalamu tumepiga hesabu, zile debe za juu zinakaribia magunia matatu na nusu. Hela yote sina, nimemtumia mzee nusu kwenye simu, nyingine nitampelekea mwenyewe. Hazijapita dakika tano akapiga, akauliza "hii ya nini mwanangu, si ulishanilipa?" Kutuma hela kumbe ilikuwa kazi rahisi, kulitamka ndio mdomo ulikuwa mzito. Nikamwambia baba ni ya viazi vya juu ya gunia, nilichukua bila kukulipa, naomba unisamehe. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Akasema "nilihesabu." Af akaniuliza watoto hawajambo.

Wenzangu tunaochangia fuso nimewapigia pia kuwaambia sasa nitanunua kwa kilo, mmoja kanambia dada ukipima kwa kilo utafilisika ndani ya miezi miwili na nafasi yako kwenye gari tutampa mwingine. Huenda ni kweli, ada ya mtoto inatakiwa mwezi ujao na sijui itatoka wapi. Nimeomba, na hofu bado ipo, siwezi kuandika hapa kwamba imeondoka.

Alhamisi nasafiri. Mzani wa kuning'iniza nimeazima kwa jirani anayenunua ufuta, unafika kilo 100 na tumeujaribu kwa mfuko wa simenti wa kilo 50, umesoma sawasawa. Nimeufunga kwenye kanga nimeuweka juu ya begi.