Amukeke ilivyotuvusha kiangazi

Kabla sijajua amukeke, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, kiangazi changu cha kwanza katika shamba letu hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, kiliniliza. Ilikuwa Januari, mvua zimeshakatika, na nilikuwa nimeacha nusu ya viazi vitamu ardhini ili nichimbe vya kula kila jioni. Nilipofukua tuta, kiazi kilikuwa na vitundu vyeusi kama kimechomwachomwa na sindano. Nikakipasua: funza weupe. Vilivyoonekana vizima nikavipika, watoto wakaonja wakatema. Kiazi kikishaingiwa na fukusi huwa kichungu hata pale ambapo mdudu hajafika.

Mama mkwe hakunigombeza. Alinishika mkono mpaka kwenye tuta, akaingiza kidole kizima ndani ya ufa.

"Mwanangu, mlango wao ndio huu."

Fukusi hana nguvu ya kuchimba. Anangoja udongo ukauke upasuke, kisha anateremkia ufa hadi kwenye kiazi na kutaga mayai. Sisi tuna ekari moja na nusu na hatupigi dawa ya dukani, kwa hiyo kinga yetu ni jembe. Tangu mwaka ule, viazi vikianza kunenepa napita kufukia nyufa, na mvua za pili zikielekea kuisha mwezi wa Novemba tunachimba vyote, hata mgongo uume vipi.

Vya rangi ya chungwa tunavipika na kuvila vikiwa vimetoka tu shambani, maana vina maji mengi na jua kali hupunguza ile vitamini A inayowafaa watoto. Vyeupe ndivyo vya amukeke. Tunakaa chini ya mwembe, mimi, mama mkwe na shemeji zangu, tunamenya na kukata vipande vyembamba, kisha tunavianika juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba. Mwamba ule hushika joto hata jua likizama. Siku ya tatu au ya nne mama mkwe huchukua kipande na kukikunja. Kikilia "ka!" kimekauka. Kikipinda, kinarudi juani, na hapo hana huruma. Mwaka wa pili niliharakisha kufunga gunia baada ya manyunyu. Likaota ukungu lote nikalimwaga. Siku hizi turubai halikai mbali nami.

Viazi vidogo tunaviponda na kuvianika viwe inginyo, kisha tunaisaga pamoja na ulezi kwa ajili ya atapa, ugali wetu. Amukeke yenyewe naichemsha mpaka ilainike, nakoroga odii, yaani siagi ya njugu na simsim, naiacha motoni kidogo mpaka rojo lishike. Kwa chai ya asubuhi haina mpinzani.

Kuna jambo moja ambalo nilikaribia kulisahau: marando, yale mashina ya viazi tunayopanda kama mbegu. Bila marando hai, mvua za Machi zinakukuta huna cha kupanda, na kila jirani anatafuta. Mimi nimeyapanda kando ya bafu na chini ya migomba, maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo yote yanakwenda huko.

Leo ni katikati ya Februari. Kihenge kina magunia matatu, na mwanangu mdogo amepita hapa sasa hivi, shavu limetuna kwa kipande kikavu alichokiiba kabla sijainjika sufuria.