Usiku niliomtafsiria baba picha la Kihindi

Ilikuwa 2006, ule mwaka wa mgao mkali wa umeme. Sisi Tanga siku hiyo ulirudi saa tatu usiku, nikakimbilia kuwasha deki maana nilikuwa nimeazima sidii ya Waqt na kesho yake inatakiwa. Mi nilishaiona kibandani. Baba akatoka chumbani akakaa, kitu ambacho hakuwa anafanya, akasema haya nitafsirie, maana maandishi ya chini yalikuwa Kiingereza na yeye shule yake iliishia darasa la nne.

Sasa hapo mimi na baba tulikuwa wiki ya pili hatusemeshani. Nilikuwa na miaka 20, nimemaliza fomu foo sina ninachofanya, nalala mpaka saa sita mchana, mama ananiwekea chapati kwenye hotipoti na hela ya vocha ananipa kwa siri, karakana ya baba iko hapo hapo uani, nasikia randa inapita kwenye mbao na mi najivuta shuka. Kilichotukosanisha ni adivansi ya mteja wa kitanda. Niliichukua nikanunua simu.

Na picha lenyewe ndo hilo hilo jamani. Amitabh Bachchan ni tajiri wa kampuni ya midoli, mwanae Akshay Kumar kadekezwa kupita kiasi, kazi hataki, anaoa, mke anashika mimba, mzee anaambiwa ana kansa ya mapafu na hana muda, basi anaamua kumfukuza mwanae ili ajifunze kujitegemea kabla yeye hajafa, na ugonjwa anamficha. Mama yao anaigiza Shefali, ambae kumbe kiumri ni mdogo kwa Akshay, nilikuja kujua baadae sana, ila anavyolia pale huwezi kudhani.

Wimbo wa Holi baba aliufurahia kabisa, mguu unapiga sakafu. Ilipofika pale mzee anamtoa mtoto nyumbani nikaanza kubana maneno. Amitabh anaunguruma weee, mi nasema "anamwambia ahame."

Baba akanigeukia. "Maneno yote yale wewe umetoa mawili?"

"Ndo hivyo baba."

"Rudisha nyuma. Sema yote."

Nikarudisha. Nikasoma mstari kwa mstari, maneno ya baba anayemfukuza mwanae, nayatamka kwa mdomo wangu mbele ya baba yangu mzazi, koo limekauka. Yeye anaangalia tivii tu, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi. Mama kasimama mlangoni na sufuria mkononi hajasogea.

Mbele huko, Akshay keshaanza kufanya stanti ili apate hela, sidii ikaganda. Uso wa Amitabh ukabaki vipande vipande. Niliitoa nikaifuta na fulana mara tatu, ikagoma.

"Mtoto keshajua baba mgonjwa?" akauliza.

"Bado."

"Atajua?"

Nikamhadithia mpaka mwisho, mpaka mzee anavyokufa. Akanyamaza kitambo.

"Angemwambia tu," akasema. "Mtoto anaambiwa."

Akainuka, akafika mlangoni akasimama, amenipa mgongo. "Kesho nafuata mitiki Muheza. Gari linatoka saa kumi na moja alfajiri."

Usiku huo nililala na suruali.