Mizani ya jikoni na Tabac ya zamani

Nyuma ya taulo za wageni, kwenye kabati la bafuni kwangu hapa Hounslow, magharibi mwa London, nilikuwa nimeficha bakuli tatu nyeupe za sabuni ya kunyolea. Zilikaa humo miaka mitatu bila kuguswa na maji. Mke wangu akitafuta taulo huzisogeza, akimaliza huzirudisha, hasemi kitu. Siku aliyosema, alisema mara moja tu: "Baba Neema, hii sabuni inamngoja nani?"

Sikuwa na jibu. Ilikuwa Tabac Original, ya Mäurer & Wirtz, Wajerumani wa mji wa Stolberg ambao wamekuwa na harufu hiyo sokoni tangu 1959. Ya zamani ilipikwa kwa mafuta ya mnyama na povu lake lilikuwa zito kama mtindi. Miaka michache iliyopita mapishi yakabadilishwa, mafuta ya mnyama yakaondoka, ya mimea yakaingia. Jina halikubadilika, lakini shingo yangu iliijua tofauti asubuhi ya kwanza. Nikazunguka maduka yaliyobakiwa na ya zamani, nikaambulia bakuli tatu, nikazificha. Tangu siku hiyo nikawa nanyolea sabuni nisiyoipenda ili nisimalize ninayoipenda.

Nieleze kwanza nilivyofika huku, maana sikuzaliwa mpenda makopo. Nilikuja kwa sababu ya vipele. Ndevu zangu zimejisokota, na zile mashine za plastiki zenye nyembe nne au tano hukata unywele chini ya ngozi. Ukianza kuota tena hujikunja na kuingia ndani. Shingo yangu ilikuwa ngozi ya fenesi. Kinyozi mmoja wa hapa mtaani, Mghana, akaniambia niachane na utitiri wa nyembe nirudi kwenye wembe mmoja, brashi na sabuni ya kweli. Nilimdharau kama miezi miwili hivi.

Halafu Jumapili moja, kwenye soko ambalo watu hupanga vya stoo zao nyuma ya magari, nikaona mashine ndogo ya chuma kwenye sanduku la vijiko. Gillette Tech, iliyotengenezwa Uingereza. Pauni 4. Muundo huo ulianza 1938 na Gillette hawautengenezi tena, lakini wembe wa makali mawili haujabadilika umbo, kwa hiyo wembe unaonunua leo unaingia kwenye mashine ya enzi ya babu bila ubishi. Kilichonishika zaidi ni kwamba kiwanda chao nilikuwa nakipita kila siku nikienda kazini upande wa Brentford: lile jengo la matofali lenye mnara wa saa kwenye Great West Road. Lilifunguliwa 1937, uzalishaji ukafungwa 2006, kazi ikahamia Poland. Watu bado wanapaita Gillette Corner. Mombasa nilikokulia, ukitumwa wembe dukani ulitumwa Nacet, na Nacet ilikuwa ya Gillette hao hao. Basi nikawa napita pale juu ya basi nikijihisi kama mtu aliyegundua ukoo wake.

Vipele viliisha baada ya wiki sita. Ugonjwa wa pili ndio ukaanza.

Nilinunua. Nilinunua Fat Boy, mashine ya Gillette wa Marekani yenye shingo nene unayoizungusha kutoka namba 1 hadi 9 ili wembe ujitokeze kidogo au sana. Ina herufi na namba chini ya kichwa, nami nikajifunza kuzisoma: yangu ni F2, yaani ilitengenezwa robo ya pili ya 1960. Nilinunua aftasheivu, yale manukato ya kupaka baada ya kunyoa: chupa nyeupe ya Old Spice yenye merikebu, ya enzi za Shulton, kampuni iliyoianzisha, kabla Procter & Gamble hawajaichukua 1990. Nilinunua hata pakiti ya nyembe za kale za chuma cha kaboni, za kabla Wilkinson Sword hawajaleta za chuma kisichoshika kutu 1962 na kuwakimbiza wenzao wote. Nilijaribu mmoja. Haukukata, ulivuta. Zilizobaki ni za kutazama, na nakushauri nawe utazame tu.

Hasara mbili zilinifundisha kuliko kusoma kokote. Ya kwanza ni mashine nyingine ya Kiingereza, ilikuwa na ukungu wa kijani kwenye meno yake. Nikailoweka kwenye siki usiku kucha, kama birika. Asubuhi nikeli ilikuwa imebanduka vipande vipande. Siku hizi natumia sabuni ya vyombo, maji ya vuguvugu na mswaki wa zamani, na kama uchafu hautoki leo, nairudia kesho. Ya pili iliniuma zaidi. Nilikuwa na aftasheivu ya miaka ya sabini, chupa ya kioo kisicho na rangi, sijaifungua, naitunza. Niliitunza kwenye dirisha la bafu. Jua la London ni la kuomba, lakini kwa miaka miwili lilitosha. Nilipoifungua siku ya harusi ya rafiki, ikanuka rangi ya ukutani. Old Spice yangu imenusurika, nadhani kwa sababu kioo chake cheupe hakipitishi mwanga na mimi nilikuwa naitumia.

Swali la mama Neema likanikuta hapo.

Nikachukua mizani ya jikoni. Nikatoa bakuli moja. Sabuni ilikuwa imesinyaa, imeachana na kingo, juu ina ufa na harufu hafifu. Usiogope ukiona hivyo. Nilimwaga vijiko viwili vya maji ya moto kiasi juu yake, nikaiacha dakika kumi, nikayamwaga maji hayo, nikasugua kwa brashi hadi ule ukoko ukatoka. Chini yake harufu ilikuwa nzima, ile ya duka la dawa na maua na koti la babu. Nikaliacha bakuli likauke siku mbili, nikalipima. Nikanyoa mara kumi, kila mara nikiliacha likauke, nikalipima tena. Zilikuwa zimetoka gramu 12.

Gramu moja na kitu kwa kunyoa mara moja! Bakuli jipya lina gramu 125. Hata ukitoa maji yaliyokauka, ni kama mara mia moja. Nikisema Tabac iwe ya Jumamosi peke yake, bakuli moja linanipeleka karibu miaka miwili, matatu karibu sita. Nilikuwa nimejinyima miaka mitatu kwa hofu ya kitu ambacho kingenitosha sita.

Tangu hapo siku za kazi ni sabuni ya kawaida ya duka la dawa na Tech ya pauni 4. Jumamosi ni Fat Boy kwenye namba 3 (5 ikiwa nimekaa siku mbili bila kunyoa), wembe mpya, Tabac, na mara mbili tu napitisha wembe: kwanza kufuata ndevu zinavyolala, kisha kuzikata kwa upande. Kinyume chake sithubutu, nimeshaona fenesi. Brashi ni ya nguruwe. Ndugu yangu wa Lamu tunayefanya naye kazi nilipomwonyesha, aliuliza mnyama kabla ya bei, akarudisha mkono mfukoni. Nilimtafutia yake ya nyuzi za plastiki na sipendi kukiri, lakini inatoa povu haraka kuliko yangu.

Kununua sijaacha, nisidanganye. Nimejiwekea tu kwamba kitu kikiingia nyumbani, kinatumika ndani ya mwezi, au kinauzwa. Chupa mbili zimeuzwa hivyo. Na kila kinachobaki kinakaa kwenye sanduku la viatu chini ya kitanda, gizani.

Bakuli la kwanza liliisha Februari. Wiki za mwisho nilikuwa nakwangua kando kando kwa kidole na kukibandika kipande kwenye shavu lenye maji. Neema aliliomba bakuli aweke vibanio vyake vya nywele, nikampa bila kuliosha sana. Sasa mama yake anasema mtoto wa miaka tisa anakwenda shule ananukia mzee aliyestaafu posta.