Jasho la Gundi

Aliyekulia Mombasa anaijua chupa ya soda iliyotoka friji ikawekwa mezani. Kabla hujaifungua imeshalowa, maji yanachuruzika hadi kitakoni, na ukiiinua inaacha duara. Maji yale hayakutoka ndani ya chupa. Ni hewa yetu ya pwani, iliyoshiba unyevu, imegusa kitu baridi. Nililijua hilo tangu utoto, na ndiyo maana mpaka leo kosa langu la Mei 2011 linaniuma. Nililijua, na bado nikalifungua lile jora la gundi lililotoka friza.

Nilikuwa na miaka 23, mwanagenzi katika karakana ya helikopta, si mbali na uwanja wa ndege wa Moi. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi na mjomba wangu Mtwapa, tukiunda mashua za faiba. Kule gundi ni mambo ya haraka. Unamimina rezini ya poliesta ndooni, unatia dawa ya kugandisha kwa kukisia. Asubuhi kukiwa na ubaridi unazidisha kidogo, jua la saa sita likiwaka unapunguza, kisha brashi na rola, na mashua inaelea. Ikivuja inavutwa ufukoni, inazibwa. Panga la helikopta, lile bawa refu la juu, likishaanza kuzunguka halina ufuko wa kuvutwa.

Fundi mkuu wetu, ambaye sote tulimwita Mzee, alinivua tabia za mashua moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa kukisia. Epoksi, aliniambia, haina "kidogo zaidi". Hadena yake, yaani dawa yake ya kugandisha, ni sehemu ya mwili wa gundi yenyewe, kwa hiyo ukiizidisha huiharakishi, unaacha tu hadena isiyopata mwenzake, na gundi inabaki dhaifu. Tulipima kwa mizani, gramu kwa gramu. Ya pili ilikuwa kugusa. Uso ulioandaliwa haukuguswa kwa kidole kitupu, maana kidole kina mafuta, na sisi watu wa pwani tunaopaka nywele mafuta ya nazi tulifunga vitambaa kichwani kama wapishi.

Wiki ile tulikuwa na helikopta moja aina ya AS350 iliyoumia ikiwa imeegeshwa chini. Ngazi iliteleza ikaangukia panga moja, ikavunja ngozi ya faiba upande wa ukingo wa nyuma, karibu na nchani. Ulikuwa ufa wenye ukubwa wa viganja viwili, na pembeni yake ngozi ilikuwa imeachana na povu gumu la ndani. Kitabu cha mtengenezaji huligawa panga kwa sehemu. Karibu na shina hukubaliwi kugusa chochote, panga linatupwa. Kule nchani, ukingo wa nyuma, unaruhusiwa kutia kiraka cha ukubwa fulani. Jeraha letu lilikuwa ndani ya mipaka.

"Kaa hapa nikwambie waenda kufanya nini," Mzee alisema, akavuta kipande cha karatasi. Mapanga matatu ya helikopta ile yanachora duara la mita 10.69, yakizunguka karibu mara 390 kwa dakika. Tukapiga hesabu pamoja. Kiraka cha gramu 100, kikikaa mita nne na nusu kutoka katikati, kinavutwa nje kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. "Huyo ni wewe," akasema. "Huyo ni wewe umening'inia kwenye gundi, bila msumari, bila skrubu. Wasikia?"

Nilimuuliza kwa nini basi wasitumie misumari. Akacheka. Tundu la msumari ndipo ufa unapozaliwa, na nyuzi za kioo ukizitoboa umezikata. Mapanga yameshikwa kwa gundi tangu zamani. Bell 47, helikopta iliyoidhinishwa kwa matumizi ya raia Marekani mwaka 1946, ilikuwa na mapanga ya mbao zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka. Kisha ukaja wakati wa chuma, na chuma huchoka kimyakimya mpaka siku kinapokatika. Mwaka 1967 Wajerumani wakarusha BO 105 yenye mapanga ya faiba, na faiba ikiharibika huachana polepole, humpa fundi muda wa kuiona. Mzee aliyaeleza haya kama mtu anayeeleza ukoo wake.

Alhamisi nzima nilipiga msasa. Ilikuwa kazi ya kushusha ngazi: kila tabaka la faiba lilifunuliwa kwa upana wake, la chini dogo, la juu kubwa, mpaka jeraha likawa sahani ya mviringo yenye vidato ambavyo ungeweza kuvihesabu kwa ukucha uliovaa glavu. Ukizidisha msasa kidogo unakata nyuzi za tabaka usilolitaka. Nilitumia saa sita, na mabega yaliniuma hadi shingoni. Kisha nikapangusa kwa vitambaa viwili, kimoja kimelowa asetoni, kingine kikavu kikifuata nyuma yake kabla asetoni haijakauka, maana ikikauka yenyewe inaurudisha uchafu palepale.

Mzee akaja na chupa ya maji yaliyosafishwa, akanyunyiza. Jaribio hilo nalipenda hadi leo. Uso ukiwa na mafuta, maji yanajikusanya matone matone, kama mvua juu ya boneti iliyopakwa nta. Uso ukiwa safi, maji yanatandaa utando mmoja na kutulia. Yetu yalitandaa. Mzee aliinamisha kichwa kuutazama utando ule kwa mwanga wa dirisha, akahesabu kimoyomoyo, halafu akanipiga begani. Tukaukausha uso kwa joto na kuufunika.

Ijumaa ndiyo siku ninayoiandikia haya.

Gundi tuliyotumia kulaza kiraka ni nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi, imekunjwa kama jora la kitambaa, na huhifadhiwa friza kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukilitoa jora nje, linakaa ndani ya mfuko wake uliozibwa mpaka lote lifikie joto la chumba, hadi kiini. Mzee alilitoa saa mbili asubuhi, akaandika kwenye kadi ya kazi. Mstari unaofuata wa kadi ulikuwa wa saa ya kufungua mfuko. "Huu usiuguse mpaka nirudi kutoka Ijumaa," aliniambia. "Saa nane."

Mvua ya masika ilikuwa inapiga mabati tangu alfajiri. Ndani ya chumba cha gundi tulikuwa na kiyoyozi, nyuzi 24, unyevu asilimia 55. Ni hewa nzuri, lakini hata katika hewa hiyo kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 14 hivi hutoa jasho. Simu ya mwenye helikopta ilikuwa imeshalia mara tatu. Alikuwa na abiria wa kwenda Lamu Jumamosi mchana. Mara ya nne niliipokea mimi, na nikajisikia mtu mzima, nikamwambia tutawahi.

Saa tano niliushika mfuko. Ulikuwa mkavu, wala haukuwa baridi mkononi. Nikajiambia nikivikata vipande sasa, Mzee atarudi akute nusu ya kazi imekwisha. Nikaufungua.

Mizunguko miwili ya kwanza ya jora ilikuwa sawa. Wa tatu ulipofunguka niliuona ukungu. Ulikuja kutoka ukingoni ukielekea katikati, mwepesi sana, kama pumzi ya mtoto kwenye kioo, na gundi iliyokuwa inang'aa ikawa kama imefifia. Nilisimama na mkasi hewani. Kisha nikakata. Nikaviweka vipande juu ya plastiki safi chini ya kiyoyozi, na baada ya robo saa ukungu ulikuwa umetoweka. Mzee aliporudi, kanzu yake imelowa pindoni, akaniuliza nimefungua lini. Nikasema, "Sasa hivi tu, Mzee, nilipokusikia mlangoni." Nikaandika saa nane kwa mkono wangu.

Yaliyofuata yalikwenda vizuri, na hilo ndilo lililonitisha baadaye. Tulilaza gundi, tukalaza vitambaa vya faiba kimoja kimoja, nyuzi zikielekea kule kitabu kinakosema, juu yake plastiki isiyoshika gundi, kitambaa cha kupitishia hewa, blanketi la umeme, na mfuko wa vakyumu, unaonyonywa hewa, uliozibwa kingo zote. Geji ikapanda hadi inchi 25 za zebaki. Joto likapanda nyuzi mbili kila dakika mpaka 120, likakaa hapo dakika tisini, likashuka polepole. Saa mbili usiku tulifungua. Kiraka kilikuwa kimelala kama kimezaliwa hapo. Mzee akachukua sarafu akaanza kugonga kutoka pembeni kwenda katikati, ti, ti, ti, sauti ileile kali kila mahali, hakuna hata pahali pamoja palipolia bubu. "Mashaallah," akasema. "Mkono wako umekuwa."

Kwenye kivuko cha Likoni usiku ule nilisimama ukingoni badala ya kukaa. Nilikuwa ninajua jambo moja ambalo Mzee mwenyewe alinifundisha: sarafu inasikia uwazi, inasikia mahali gundi haikufika. Haisikii gundi iliyofika na haikushika. Hata mashine za mawimbi ya sauti hazikupimii nguvu ya gundi. Nguvu hiyo hujulikana kwa njia mbili tu, kuivunja, au kuwa na hakika ya kila hatua iliyotangulia. Na hakika ya hatua moja nilikuwa nayo mimi peke yangu, na ilikuwa mbaya. Abiria wa kwenda Lamu sikuwajua hata sura.

Jumamosi nilifika kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Mzee alikuwa anachemsha chai.

"Mzee, ile gundi sikuifungua saa nane."

Hakugeuka. "Uliifungua saa ngapi?"

"Saa tano."

"Ukaona nini?"

"Ukungu. Kidogo tu. Ulikauka."

"Haukukauka, mwanangu. Uliingia."

Akazima jiko. Sikumbuki alinywa ile chai. Akaniambia nichukue simu nimpigie mwenye helikopta, na nimweleze mwenyewe, naye akakaa kando yangu muda wote. Yule bwana alipiga kelele, na nilimwacha apige. Nilipokata simu, Mzee alisema neno moja tu kuhusu uongo: kwamba kadi ile ndiyo rubani anayoipanda, si panga.

Tulikitoa kiraka siku ileile, kwa joto na kabari nyembamba ya plastiki. Gundi iliyoshika vizuri ukiilazimisha inapasuka katikati yake, inabaki pande zote mbili, au inaondoka na nyuzi za faiba. Yetu, upande wa pembeni, ilipasuka hivyo. Lakini katikati, penye vipande vilivyotoka mzunguko wa tatu na kuendelea, ilibanduka yote kutoka kwenye panga kama ganda la muhogo uliochemshwa, na uso wa chini ukabaki mtupu, nikiiona bado mikwaruzo ya msasa wangu wa Alhamisi. Mzee akakipindua kipande juu ya mwanga. Gundi ilikuwa imejaa vitobo, vidogo, vingi, kama uso wa chila. Maji niliyoyafungia mle yalikuwa yamegeuka mvuke kwenye nyuzi 120, yakatafuta pa kutokea.

Nilishindwa kusema. Yeye alikipima kidonda upya kwa rula. Kwa kulisafisha tungelazimika kupanua vidato, na tulibaki ndani ya mipaka ya kitabu kwa upana wa kidole. Upana wa kidole zaidi, na panga zima lingetupwa kwa sababu yangu.

Msasa nilipewa mimi tena. Gundi sikuruhusiwa kuigusa kwa miezi miwili. Kazi yangu ilikuwa kuandika joto na unyevu wa chumba kila nusu saa, na niliandika. Jora lingine alilitoa Jumapili saa kumi jioni, likalala mezani usiku kucha ndani ya mfuko wake. Tangu siku hiyo kila kiraka kilipikwa pamoja na kipande kidogo cha majaribio, kwa gundi ileile, ndani ya mfuko uleule wa vakyumu, na kipande hicho kilivunjwa kabla ya panga kuguswa na mtu mwingine. Cha Jumatatu alinipa nikivunje. Kilinishinda kwa mikono, nikakibana kwenye jiliwa, na kilipoachia kilitoa nyuzi nyeupe pande zote mbili, zimesimama kama manyoya.

Panga likapimwa uzito, likasawazishwa na wenzake, likafungwa. Jumanne helikopta ile iliinuka mvua ikiwa imekatika, ikapita juu ya hori ya Port Reitz, mapanga matatu yakizunguka kwenye duara moja, bila hata moja kupanda juu ya mwenzake. Kwenye kadi, mstari wa kutoka friza ulisema saa kumi jioni, na mstari wa kufungua mfuko saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Mwandiko ulikuwa wa Mzee. Chini yake, mahali pa shahidi, alinipa kalamu niandike jina langu.