Ubao wa wino mwekundu: kuitazama upya Homicide kwa mpangilio wake

Mtu akikuambia alijaribu kuitazama Homicide: Life on the Street, tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu wapelelezi wa mauaji wa Baltimore, akaiacha njiani kwa sababu haieleweki, muulize kwanza aliitazama kwa mpangilio gani. Kituo cha NBC kilianza kuirusha tarehe 31 Januari 1993, mara tu baada ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, na kikaifuta baada ya misimu saba na sehemu 122. Ya mwisho ilionyeshwa 21 Mei 1999. Kati ya tarehe hizo mbili kituo kilizipanga na kuzipangua sehemu zake kama karata. Anayefuata tarehe za kurushwa anaurudia mvurugo uleule.

Msimu wa kwanza una sehemu tisa tu, na kosa lake kubwa ni moja. "Night of the Dead Living" ilitengenezwa iwe ya tatu. Ni zamu nzima ya usiku, joto kali, wapelelezi wametota jasho, na simu ya mauaji haiiti. Kituo kiliona ni ya polepole mno, kikaisukuma hadi mwisho wa msimu. Tatizo ni kwamba ndani yake mpelelezi Tim Bayliss bado anahangaika na kesi ya mauaji ya mtoto Adena Watson, ilhali watazamaji walikwisha kuiona kesi hiyo ikikwama katika sehemu ya tano. Ili kuficha ufa, mwanzoni wakabandika maandishi ya kusema huu ulikuwa usiku mmoja wa joto wa Septemba iliyopita. Kiraka hicho hakikuficha kitu. Iweke ya tatu, kisha zilizobaki zifuate kama zilivyorushwa.

Ukifanya hivyo, "Three Men and Adena" inakupata ukiwa tayari. Karibu sehemu yote imo katika chumba cha mahojiano, ambacho wapelelezi hawa hukiita Sanduku. Humo wamo Bayliss, mpelelezi mwenzake Frank Pembleton na mshukiwa, mzee Risley Tucker, mchuuzi wa matunda na mboga wa mkokoteni wa farasi, na wana saa 12 tu za kupata ungamo. Tom Fontana alipata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, kwa kuiandika. Angalia namna kazi inavyogawanywa: mmoja anabembeleza, mwingine anabana, halafu wanabadilishana bila kuambizana. Pembleton alikwisha kueleza katika sehemu ya kwanza kwamba kazi ya humo ndani ni uuzaji, ila bidhaa ni kifungo cha miaka mingi na mnunuzi hana haja nayo hata kidogo. Ukikumbuka maneno hayo utaelewa kwa nini mzee yule ndiye mteja mgumu kuliko wote. Wapelelezi wawili wanatoka wakiwa wamebadilishana imani, na jina la mtoto linabaki jekundu ubaoni.

Ubao huo ndio uti wa mgongo wa tamthilia nzima. Jina la kila marehemu huandikwa chini ya jina la mpelelezi mwenye kesi: wino mwekundu kesi ikiwa wazi, mweusi ikifungwa. Mwenye kesi ni yule aliyeinua simu ilipoita, ndiyo maana utaona watu wazima wakiikwepa simu kama inaunguza. Mfumo huu haukubuniwa studio. Ulitoka kwa wapelelezi halisi wa Baltimore, ambao mwandishi wa gazeti David Simon alishinda nao mwaka mzima wa 1988 na kuandika kitabu kilichozaa tamthilia. Mwaka huo jiji lilihesabu mauaji 234. Tamthilia ilipokuwa hewani hesabu ilikuwa imevuka 300 kila mwaka. Kwa hiyo ubao unapojaa wekundu, hawajatia chumvi.

Msimu wa pili ni mfupi mno, sehemu nne za Januari 1994, na hapo pia pana hila. "Bop Gun", yenye Robin Williams kama mume aliyepoteza mke mbele ya watoto wao, ilikusudiwa kufunga msimu. Kwa kuwa jina la Williams linavuta watazamaji, NBC iliirusha ya kwanza. Irudishe ya nne.

Msimu wa tatu ndio ulioumia zaidi. Baada ya zile tatu za mwanzo zinazosimulia kesi moja, ya nne ni "Crosetti". Mpelelezi Steve Crosetti amesemekana yuko likizo Atlantic City, kisha habari zake zinafika. Kituo kilisita kuionyesha mapema kwa sababu ya uzito wake, kikaipeleka hadi tarehe 2 Desemba 1994, na Novemba kikatanguliza "A Model Citizen" na "Happy to Be Here", zilizotengenezwa baada yake. Anayeathirika ni Meldrick Lewis, aliyefanya kazi na Crosetti: ukifuata tarehe, huzuni yake kwa mwenzake inakuja na kuondoka bila sababu. Hali kadhalika "Nothing Personal", iliyobaki kabatini hadi Aprili 1995. Ukiona mtu anafanya jambo ambalo alikwisha kulimaliza, usimlaumu mwandishi, angalia tarehe.

Kuanzia msimu wa nne mpangilio unatulia, lakini unaingia mtego wa aina nyingine: kesi zinazoanzia katika tamthilia nyingine ya NBC, Law & Order jijini New York na kumalizikia Baltimore. Ziko tatu: mwaka 1996 "Charm City" kisha "For God and Country", mwaka 1997 "Baby, It's You", mwaka 1999 "Sideshow". Mara zote nusu ya kwanza ni ya Law & Order. Mbili za mwisho zina jina moja kwa nusu zote mbili, na hapo ndipo watu hudhani wamekwisha kuiona yote.

Sasa suala la nakala. Ilipigwa kwa filamu ya Super 16, kamera moja begani. Tukio lilichezwa lote tangu mwanzo hadi mwisho, likarudiwa tena na tena, na mwigizaji hakujua lini kamera ingemgeukia. Mhariri aliruka kutoka pigo moja kwenda jingine bila kujali mikono ilikuwa wapi, na pengine akarudia kitendo kilekile mara tatu mfululizo. Diski yako haina mikwaruzo; usiirudishe dukani.

DVD zina picha ya umbo la televisheni za zamani, kama ilivyorushwa. Toleo lililowekwa kwenye Peacock, huduma ya kutazama kwa mtandao, tarehe 19 Agosti 2024 limesafishwa vizuri ajabu, ila limepanuliwa kujaza skrini za sasa. Fremu ya Super 16 ina nafasi ya ziada pembeni, kwa hiyo unapata kidogo kushoto na kulia, lakini juu na chini panakatwa, na katika tamthilia inayoishi kwa nyuso za karibu, mapaji ya nyuso ndiyo yanayolipa gharama. Baadhi ya nyimbo nazo zilibadilishwa kwa sababu ya haki za muziki. Kwa Sanduku ningechagua DVD bila kufikiri mara mbili. Kwa mitaa ya Fells Point, kitongoji cha Baltimore ilikopigwa tamthilia, toleo jipya. Jengo la gati lililokuwa makao ya polisi, kwenye Thames Street, siku hizi ni hoteli, na picha safi inalionyesha likiwa bado limechakaa vizuri.

Kwa aliyeko Dar es Salaam au Nairobi: Peacock ni huduma ya Marekani, na DVD za Marekani ni za kanda ya 1, yaani zimefungwa kwa deki za eneo hilo la dunia. Deki zinazouzwa kwetu ni za kanda ya 5 na zitazikataa, isipokuwa deki iliyofunguliwa kanda zote. Hakikisha pia televisheni yako inapokea NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, la sivyo utapata sauti na picha nyeusi na nyeupe inayopanda juu.

Msimu wa saba unapwaya, hakuna haja ya kuficha. Pembleton, yaani Andre Braugher, aliondoka mwisho wa msimu wa sita akiwa na Emmy ya mwaka huo wa 1998, na Sanduku bila yeye ni chumba tu. Usiuruke lakini, kwa sababu sehemu ya mwisho inaacha swali kuhusu Bayliss, na jibu limo katika filamu ya televisheni ya tarehe 13 Februari 2000, ambamo kikosi kizima kinarudi, hata waliokufa. Itazame filamu kabla hujamfuata mpelelezi John Munch kwenye Law & Order: SVU, ingawa tayari alikuwa amehamia huko tangu Septemba 1999.