Siku niliyomuuza chui wangu wa kwanza

Saa 11 alfajiri. Sijanawa hata uso, naenda kugusa rangi. Chui yuko juu ya kabati tangu juzi, maana rangi ya mafuta haina haraka: unapaka rangi ya chini, unasubiri, unachora mwili, unasubiri, ndipo madoa. Na Julai hii ya baridi ndiyo kabisa. Mkia bado unanata. Shingoni amenasa mbu. Namng'oa kwa sindano, anaacha mguu mmoja, naufunika kwa doa jeusi. Nani atahesabu?

Saa 1. Daladala imejaa. Hadibodi ya sentimita 60 kwa 60 haipakatiki, kwa hiyo nimeiinua juu kama sinia la sambusa. Konda anapiga kelele, "Huyo mbwa naye alipe nauli!" Breki moja tu, ncha ya mkia inabaki kwenye kanga ya mama wa mbele yangu. Ananisema mpaka nashuka, na ana haki. Rangi ile haitoki kwa sabuni.

Saa 2 na nusu, Oysterbay, Dar es Salaam. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mkia uko wapi?"

Ananiazima brashi, na kibanda ni chake pia. Mimi nimepewa kona. Shule ya sanaa sijaiona. Mkono wangu umefundwa na vichwa vya kwenye vibao vya vinyozi na ng'ombe wa mabuchani. Mzee anasema hata Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, hakufundishwa na mtu. Alianza 1968 na rangi za baiskeli kwenye mbao za dari, akauzia hapa hapa nje ya maduka ya Morogoro Stores. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi. Miaka 4 tu ya kuchora, na mpaka leo michoro hii inaitwa Tingatinga, tunakula kwa jina lake.

Saa 5, saa 6, saa 7: watalii wanapita, wanapiga picha, wanatuambia "hakuna matata", maneno ambayo kwetu Tandale sijamsikia mtu akiyasema.

Saa 9. Anasimama mama mmoja wa hapa hapa mjini, katoka kazini. "Huyu mbwa bei gani?"

"Ni chui, mama."

"Mbona mpole hivyo?"

Usiku kucha nilijizoeza kusema elfu themanini. Mdomo unatoa arobaini. Anasema thelathini na tano, nami nakubali kabla hajafunga kinywa. Mzee anakohoa, na kile si kikohozi cha mafua. Kuchora nilijifunza mwenyewe. Kutaja bei bado.

"Na jina lako liko wapi, mwanangu?"

Sikuwa nimeweka. Naazima tena brashi, na mkono unakwenda ulikozoea: herufi kubwa zenye kivuli, kama SALUNI YA KIUME. Mama anazipenda. Mzee ameugeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Tunamlaza chui kwenye buti la gari, namsihi mama asiguse mkia mpaka keshokutwa.

Saa 12 jioni. Elfu tano ya mzee, deni la dukani, hadibodi mpya, kopo la njano. Msimbazi mmoja, noti ya elfu kumi, umebaki mfukoni. Nimeukunja peke yake.

Saa 3 usiku. Rangi ya chini imeshapakwa. Nimekata kipande cha chandarua kikuukuu, nimekitandaza juu ya viti viwili, hadibodi iko chini yake. Mimi nalala na mbu.